Roma ya Kale, Mapenzi ya Jinsia Moja, na Wale Wasioweza Kukataa

Mjadala wa mapenzi ya jinsia moja ukizuka mitandaoni kwetu, haupiti muda mrefu kabla Roma haijatajwa. Mmoja ataandika kwamba dola ya Kirumi ilianguka kwa sababu ya ushoga, na sisi tusipoangalia tutaifuata. Mwingine atamjibu kwamba Warumi waliishi kwa uhuru, kila mtu akampenda amtakaye, mpaka Ukristo ulipoingia na kuharibu mambo. Nimeyasoma majibizano haya kwa miaka, na kila mara naweka simu pembeni nikiwa na hasira na wote wawili. Roma wanayoizungumzia haikuwepo. Na watu walioumia kweli katika habari hii hawatajwi na upande wowote.

Kilatini nilikisomea seminari ndogo, kama Watanzania wengi waliowahi kukigusa. Tulikaririshwa vita vya Caesar, jemadari wa Kirumi, huko Gallia, yaani Ufaransa ya leo, mpaka tukaviota usiku. Padri aliyetufundisha aliipenda lugha ile kwa moyo wote, na mapenzi hayo yakaniingia na mimi. Baada ya kutoka seminari niliendelea kusoma peke yangu, na ndipo nikaanza kukutana na Warumi ambao hawakuwamo kwenye kitabu chetu cha sarufi.

Nianze na kanuni yenyewe, kwa sababu Warumi walikuwa nayo na waliijua vizuri. Plautus, mwandishi wa michezo ya kuchekesha aliyeishi karne ya tatu na ya pili KK, anaitia kanuni hiyo kinywani mwa mtumwa anayemshauri bwana wake kijana. Hakuna anayekukataza kupita barabara ya umma, anamwambia, mradi usikate njia katikati ya shamba la watu lililozungushiwa ua. Mke wa mtu, mjane, mwanamwali, vijana na watoto wa kiungwana, hao usiwaguse. Waliobaki, mpende umtakaye.

Hapo jinsia haikutajwa kabisa. Kinachoamua ni ua. Ndani ya ua wamo wake wa raia, binti zao na wana wao. Nje ya ua wamo watumwa wa kike na wa kiume, makahaba, na mateka wa vita. Raia mwanamume aliyechukua aliye nje ya ua, awe mvulana au msichana, hakuwa amemkosea mtu, ila alitakiwa ashike sharti moja zaidi: yeye awe mtendaji, asiwe mtendewa. Akijulikana kuwa ametendewa, heshima yake imekwisha. Msomaji wa Pwani hatahitaji maelezo marefu hapa. Kwetu basha na shoga ni watu wawili tofauti, na aibu haijawahi kugawanywa sawa kati yao.

Ua huo ulikuwa na alama inayoonekana kwa macho. Mtoto wa kiume wa muungwana alivaa kidani shingoni, kilichoitwa bulla, cha dhahabu kwa wenye mali na cha ngozi kwa maskini, mpaka siku alipokivua na kuvaa toga ya utu uzima. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa enzi za Warumi, anajiuliza kwa nini walivaa, na mojawapo ya majibu anayoyataja ni kwamba wanaume wa zamani hawakuona haya kuwapenda watumwa wazuri wa kiume, bali waliwaepuka kabisa watoto wa kiungwana, basi kidani kiliwekwa ili mtu asikosee hata akiwakuta bila nguo. Nilipoisoma sentensi hiyo mara ya kwanza, nilimfikiria mtoto aliyesimama pembeni, asiye na kidani.

Sasa turudi kwa Caesar. Mwaka 46 KK alifanya gwaride la ushindi wake wa Gallia, na kwa desturi siku hiyo askari waliruhusiwa kumwimbia jemadari wao maneno ya kejeli. Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaizari, ametuhifadhia wimbo wao. Caesar ameitiisha Gallia, waliimba, na Nicomedes amemtiisha Caesar. Tazameni, leo Caesar anashangilia ushindi kwa kuitiisha Gallia, na Nicomedes hashangilii ingawa alimtiisha Caesar. Nicomedes alikuwa mfalme wa Bithynia, kaskazini mwa Uturuki ya leo. Caesar akiwa kijana wa miaka kama 20 alitumwa kwake kuchukua meli za kivita, akakawia huko kupita kiasi, na uvumi ukaanza. Bibulus, aliyeshika pamoja naye ukonsuli, cheo cha juu cha kila mwaka huko Roma, alimwita malkia wa Bithynia katika matangazo rasmi. Miaka zaidi ya 30 baadaye mji ulikuwa haujasahau.

Ona kinachochekwa. Askari hao hao waliimba pia kwamba wenye mji wafungie wake zao ndani, maana wanamleta mzinzi mwenye upara. Hilo Caesar alilistahimili. La Nicomedes lilimuuma. Mwanahistoria Cassius Dio anasema alijaribu kulikana kwa kiapo, na kiapo kikawazidishia watu kicheko. Nicomedes mwenyewe hachekwi popote. Katika wimbo ule ndiye mshindi. Warumi hawakuwa wakisema kwamba ni ajabu mwanamume kulala na mwanamume. Walikuwa wakisema kwamba mtawala wa dunia amewahi kuwa chini ya mtu.

Kwa hiyo anayesema Roma iliruhusu kila kitu aelezwe habari ya mwaka 326 KK. Ndiyo habari ya Kirumi ninayoirudia kuliko nyingine zote, na anayeisimulia ni mwanahistoria Livy.

Kijana aliitwa Gaius Publilius. Baba yake alikuwa na deni, naye akajiweka rehani kwa mkopeshaji, Lucius Papirius, kama sheria za siku hizo zilivyoruhusu: mwili wa mdaiwa ulikuwa dhamana. Papirius akauona ujana na uzuri wa yule kijana kuwa faida ya ziada juu ya mkopo wake. Alianza kwa maneno ya kubembeleza. Alipoona hasikilizwi akatisha, akamkumbusha kila mara hali aliyo nayo. Kijana naye alikumbuka zaidi kwamba amezaliwa muungwana, akakataa. Mwisho mkopeshaji akaamuru avuliwe nguo na achapwe viboko.

Publilius akatoka mbio mpaka barabarani, mgongo umechanika, akipiga kelele juu ya tamaa na ukatili wa mtu yule. Watu wakajaa. Wengine waliingiwa na huruma, anasema Livy, na wengine waliwaza juu ya hali yao wenyewe na ya watoto wao. Wakamsindikiza hadi uwanja wa mji, kisha hadi Seneti. Maseneta walipokuwa wakiingia, watu walianguka miguuni pa kila mmoja wao, wakimwonyesha ule mgongo. Siku hiyo ikazaa sheria kwamba raia asifungwe tena kwa deni. Mali ya mdaiwa ndiyo iwe dhamana, wala si mwili wake. Livy anaiita mwanzo mpya wa uhuru wa watu wa kawaida wa Roma.

Siwezi kuisoma habari hiyo bila moyo kunienda mbio, kwa sababu nawaona wale watu wamepiga magoti. Lakini soma tena uone Publilius alikataa kwa hoja gani. Alikataa kwa sababu amezaliwa muungwana. Mtumwa aliyechapwa katika nyumba ile ile, mtaa ule ule, kwa sababu ile ile, hakuwa na hoja hiyo, wala hakuna ambaye angemsindikiza Seneti.

Karne mbili na ushei baadaye, mnamo 104 KK, jambo linalofanana na hilo likatokea kambini. Gaius Lusius, mpwa wa jemadari Marius, alikuwa ofisa, na chini yake alikuwapo askari kijana aitwaye Trebonius. Ofisa alimtaka kwa muda mrefu bila kufanikiwa. Usiku mmoja akamwita hemani. Askari hana ruhusa ya kukataa wito wa mkubwa wake, kwa hiyo Trebonius akaenda, na Lusius alipotaka kumshika kwa nguvu, akachomoa upanga akamuua. Marius hakuwapo kambini. Aliporudi akamweka kijana mahakamani, na wenye kumshitaki walikuwa wengi kuliko wenye kumtetea. Trebonius akasimama mwenyewe, akaeleza, akaleta mashahidi kwamba alikwisha mkataa Lusius mara nyingi hata alipoahidiwa zawadi kubwa. Marius, ambaye aliyeuawa alikuwa damu yake, akaagiza liletwe taji wanalovishwa mashujaa, akamvika Trebonius kwa mkono wake. Ni majeshi mangapi leo yangefanya hivyo?

Katika enzi za makaizari Augustus na Tiberius palikuwa na msemaji wa mahakamani aitwaye Haterius. Alikuwa anamtetea mtu aliyewahi kuwa mtumwa, ambaye alishutumiwa kwamba alilala na bwana wake wa zamani. Haterius akasema kukosa staha ya mwili ni kosa kwa muungwana, ni lazima kwa mtumwa, na ni wajibu kwa aliyeachwa huru. Neno hilo la wajibu likawachekesha watu wa mji, wakawa wanataniana kwamba fulani hajanitimizia wajibu. Seneca Mzee, aliyeyaandika haya, anatusimulia utani huo. Kuhusu mtumwa na ile lazima yake hasimulii chochote. Halikuwa jambo la kujadiliwa.

Nimesoma mengi yaliyoandikwa na Warumi juu ya mambo haya, na hapo ndipo ninaposimama kila mara. Mwana wa huyo Seneca Mzee, Seneca mwanafalsafa, ana barua moja kuhusu watumwa ambamo anamweleza kijana anayemimina divai karamuni. Amevalishwa kama mwanamke. Anashindana na umri wake, haruhusiwi kuutoka utoto; mwili wake sasa ni wa askari lakini nywele zake zinang'olewa ili abaki laini, na usiku kucha hapati usingizi, maana bwana anamtaka katika ulevi wake na katika tamaa yake. Seneca aliandika hivyo kwa uchungu, na namheshimu kwa uchungu huo, ingawa naye aliendelea kumiliki watumwa. Katika riwaya ya Petronius tajiri Trimalchio, aliyekuwa mtumwa zamani, anakumbuka alivyotumiwa na bwana wake, anasema si aibu kutenda aliloamuru bwana. Petronius aliiandika ili watu wacheke. Mimi naiona kama sentensi ya mtu aliyetafuta namna ya kuendelea kuishi.

Mshairi Catullus naye aliandika wimbo wa harusi, wimbo mzuri wenye vifijo na mienge, na katikati yake yupo suria wa kiume wa bwana harusi. Wageni wanamwimbia awagawie watoto njugu, kwa sababu siku zake za kucheza zimekwisha. Jana aliwadharau wake wa wasimamizi wa mashamba. Leo kinyozi anamnyoa. Bibi harusi yuko njiani. Hakuna anayemuuliza suria atalala wapi kesho.

Kijana aitwaye Sporus yalimpata makubwa zaidi. Watu wanaopenda kuitaja Roma hukimbilia ndoa ya kaizari Nero na Sporus, wengine waionyeshe kama kilele cha uchafu, wengine kama ushahidi kwamba ndoa za namna hiyo si jambo geni. Nero alimhasi kijana huyo kwa kuwa alifanana na Poppaea Sabina, mkewe aliyekufa, akamwita Sabina, akamwoa kwa mahari na shela. Suetonius anakumbuka dhihaka ya wakati huo, kwamba dunia ingepona kama baba yake Nero naye angeoa mke kama huyo. Nero alipokufa mwaka 68 BK, Sporus alichukuliwa na Nymphidius, mkuu wa walinzi wa kaizari, kisha na Otho aliyekuwa kaizari kwa miezi michache. Vitellius alipotawala akataka amweke jukwaani aigize msichana anayetekwa, mbele ya umati. Sporus akajiua. Yeyote anayetaka kuitumia habari hii kwa ajili ya hoja yake, ya upande wowote, kwanza akae kidogo na kijana huyo.

Sisemi kwamba hapakuwa na mapenzi. Yalikuwapo, na mengine yalivuka ua. Catullus aliandika mashairi ya busu kwa Juventius, ambaye jina lake ni la ukoo wa heshima. Wapo pia waliotambua kwamba watu hutofautiana katika wanachokitamani: Suetonius anaandika kwamba kaizari Claudius alipenda wanawake tu na hakuwa na haja na wanaume, na kwamba kaizari Galba alipendelea wanaume waliokomaa. Anayataja yote mawili kama habari za tabia ya mtu, katika kurasa zile zile anapoeleza anakula nini na analala vipi.

Kaizari Hadrian ndiye anayenishughulisha zaidi. Alitawala kuanzia 117 hadi 138, wakati dola ikiwa na nguvu na amani, na alimpenda kijana wa Bithynia aitwaye Antinous, akasafiri naye. Oktoba 130 walikuwa Misri, na Antinous akazama katika Mto Nile. Hadrian, mtu wa miaka 54, mwenye majeshi yote ya dunia ile, alilia mbele za watu. Akajenga mji mzima karibu na alipofia, Antinoopolis. Akamfanya mungu. Sanamu zake zilichongwa kila upande wa dola, na nyingi zipo mpaka leo: kichwa kimeinama kidogo, nywele za mawimbi, mdomo mzito. Mnara wa mawe wenye maandishi ya Kimisri yanayomhusu umesimama katika bustani ya kilima cha Pincio, Roma.

Na waliomlaumu Hadrian walimlaumu kwa lipi? Mwandishi mmoja wa maisha yake anasema alimlilia kijana kama mwanamke. Cassius Dio anaongeza kwamba watu walimcheka kwa sababu dada yake Paulina alipofariki hakumpa heshima yoyote papo hapo, ilhali Antinous alijazwa heshima. Kumpenda kijana hakukuwashangaza. Kilichowakera ni kwamba huzuni ilimtawala, na kaizari hatakiwi kutawaliwa. Ninakiona hapo kitu kinachonisikitisha kuliko sheria zao nyingi: hata mwenye nguvu zote hakuruhusiwa kupenda mpaka aonekane dhaifu. Antinous mwenyewe alitaka nini, hakuna mstari mmoja aliotuachia.

Wanawake waliopenda wanawake ndio walioandikwa vibaya zaidi, kwa sababu walioandika ni wanaume. Mshairi Martial anawafanya viroja; hawezi kuwawaza wanawake wawili bila kumgeuza mmoja wao kuwa mwanamume. Mshairi Ovid ana kisa cha Iphis, msichana aliyelelewa kama mvulana, anayempenda Ianthe na kulia kwamba hata ng'ombe jike hamtamani ng'ombe jike, na miungu inamaliza tatizo kwa kumgeuza Iphis mwanamume.

Lakini ukutani Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya Vesuvius mwaka 79, mtu alikwaruza shairi mlangoni mwa nyumba, na kwa jinsi lilivyoandikwa anayesema ni mwanamke na anaambiwa mwanamke. Laiti ningeruhusiwa, linaanza, kukumbatia mikono yako midogo shingoni mwangu na kuibusu midomo yako laini. Kisha anamwambia mpenzi huyo aziache furaha zake ziende na upepo, kwani tabia ya wanaume ni nyepesi, na anasimulia anavyokesha usiku wa manane akiwaza. Na Misri, chini ya utawala wa Roma, imepatikana karatasi ya mafunjo ya karne ya pili yenye dawa ya mapenzi: mwanamke aitwaye Herais, binti wa Thermoutharin, anaomba roho za kuzimu zimlete na kumfunga kwake mwanamke mwenzake Sarapias, binti wa Helen, sasa hivi, upesi upesi. Wametajwa kwa majina ya mama zao. Aliyewahi kukaa mbele ya mpiga ramli akaulizwa jina lake na la mama yake ataitambua karatasi hiyo bila kufundishwa na profesa. Katika maandishi yote niliyoyataja, hiyo ni mojawapo ya chache ambapo anayetaka anajisemea mwenyewe, na simo katika wanaomcheka.

Mwaka 57 hivi Paulo aliandika Waraka kwa Warumi, na sura ya kwanza husomwa sana kwetu mjadala huu unapoanza. Ningependa sura ya 16 isomwe pia, zile salamu tunazozipita haraka: Ampliato, Urbano, Persisi, Herme. Yalikuwa majina ya kawaida ya watumwa na ya walioachwa huru. Barua ile ilisomwa kwa sauti mbele ya watu ambao baadhi yao huenda waliishi katika nyumba ninazozieleza hapa, au wametoka humo. Maneno juu ya wanaume wenye tamaa yaliwafikia masikioni kwa namna ambayo sisi tulio kwenye viti vya kanisa hatuwezi kuihisi kirahisi.

Tuje kwenye anguko, maana ndilo lililonianzisha. Kaizari wa mwisho wa magharibi aliondolewa mwaka 476. Dola ilikwisha kuwa ya Kikristo kisheria tangu 380. Watoto wa kaizari Constantine walikwisha toa sheria dhidi ya wanaume wanaotendewa mwaka 342. Hadrian na sanamu zake walikuwa miaka kama 340 kabla ya anguko hilo. Aliyesema Roma ilianguka kwa sababu ya ushoga angeeleza kwanza kwa nini ilistawi wakati Antinous akiabudiwa na ikasambaratika wakati sheria hizo zikiwa zimewekwa. Nami sisemi kwamba sheria hizo ndizo zilizoiangusha. Walioiangusha walikuwa na farasi na njaa, na hazina ya Roma ilikuwa tupu.

Sheria ya kaizari Theodosius ya mwaka 390 ndiyo niliyosoma mara nyingi zaidi kati ya hizo. Inaagiza kwamba wanaume wanaotumia miili yao kama wanawake watolewe katika madanguro ya Roma na wachomwe moto hadharani, watu wakitazama. Waliokuwa katika madanguro yale wengi walikuwa watumwa, walionunuliwa na kuwekwa humo na wenye nyumba. Sheria haimtaji mwenye danguro aliyewanunua. Haiwataji pia wateja waliolipa.